Nilivyomshika Mwizi wa Internet kwa Ploti Yetu

Watu wangu, leo nimeaibika. Si kidogo. Nimeaibika mbele ya landlady, mbele ya mwalimu mzima, na mbele ya mtu alikuwa amekuja kunipa kazi. Wote mara moja, kwa sitting room moja, chai ikiwa imemiminwa.

Wacha nianze mwanzo ndio mnielewe.

Mnajua naishi hapa Machakos town kwa ploti ya Mama Ndinda. Nyumba ni nyingi lakini internet ni moja. Sahani ya kunasa internet iko kwa paa ya Mama, router iko juu ya kabati yake ya vikombe, na kutoka hapo waya zinatambaa chini ya mabati mpaka kwa kila mlango. Nani aliziweka? Ni mimi. (Shule niliachia Form Two, lakini waya hazijawahi kuniuliza cheti.)

Sasa, laini ni ndogo, sisi ni wengi, na mimi ni mtu wa game. Zile za bunduki, tunachapana na vijana wa Nairobi. Kwa hizo game kitu inaitwa ping ndio maisha. Ping ni ule muda ujumbe wako unachukua kwenda kwa server na kurudi. Ikiwa sabini, unapiga mtu risasi anaanguka. Ikiwa elfu moja, unapiga risasi, unaenda kunywa uji, unarudi unapata ni wewe ulikufa zamani.

Kwa hivyo wiki iliyopita niliingia ndani ya router nikaipanga: game ipite mbele. Ni kama zahanati, mama mwenye uchungu hawezi kupanga laini nyuma ya mtu wa kikohozi. Router ikakubali. Ping ikakaa sabini. Nikajipigia makofi, peke yangu, kwa sitting room ya wenyewe.

Habari ikamfikia Bwana Kilonzo. Huyu anafungua cyber ya game hapa town, kompyuta kumi, na alikuwa anatafuta fundi wa kufunga waya na kukaa hapo kila siku. Kazi ya mshahara! Akaniambia, "Kijana, mimi sitaki makaratasi. Jumamosi saa tisa nakuja na laptop yangu. Nikicheza hapo kwenu bila kukwama, kazi ni yako."

Hataki makaratasi! Miaka minne nimezunguka hii town nikitafuta mtu aseme hivyo.

Sasa wiki nzima sikuwa nimecheza game, kwa hivyo leo saa nane nikasema wacha nipime ping kabla mgeni hajafika. Mia tisa. Nikapima tena. Elfu moja mia nne. Mara ya tatu kompyuta ikaniambia hakuna jibu limerudi kabisa.



Lakini nikajiambia, wewe ni fundi, fanya kama fundi. Nikapima kutoka kwangu mpaka kwa router. Moja! Safi. Kwa hivyo waya zangu hazina makosa. Nikapima kutoka hapo kwenda nje. Balaa. Basi shida ni ya kampuni, si ndiyo? Nikawapigia. Msichana akanijibu na sauti ya asali.

"Laini yenu imejaa upande wa kutuma. Kuna kompyuta hapo kwenu inatuma vitu vingi sana."

"Madam, hakuna mtu wa kutuma vitu hapa. Hapa ni Machakos."

(Hata mimi sijui hiyo ilikuwa inamaanisha nini.)

Nikakata simu nikapanda paa. Nikapanguza sahani na shati yangu. Nikaigonga kidogo, vile watu hugonga redio. Mama Ndinda akatoka nje akanitazama, mikono kwa kiuno.

"Fundi, ukianguka huko mimi sina gari ya kukupeleka hospitali ya General."

"Mama, kuna mtu anakula internet yetu."

"Anakula?"

"Yote! Lakini leo namshika."

Hapo ndipo nilijimaliza. Mama Ndinda anaweza kuvumilia mtu wa kelele, hata mtu wa kuchelewesha rent. Mwizi, hapana. Akafunga leso vizuri akaanza kugonga mlango kwa mlango.

Kufika saa tisa, Bwana Kilonzo anaingia na laptop kwa begi, anapata mahakama. Mama Ndinda kwa kiti kubwa. Mwalimu Wambua wa nyumba ya tatu, miwani kwa paji la uso, amenuna, kwa sababu tangu asubuhi anajaribu kutuma mtihani ya shule na inakwama nusu. Njeri wa nyumba ya tano, ile ya pembeni, huyu wa kuuza viatu sokoni, bwana yake ako Qatar na Jumamosi ndiyo siku yao ya kuonana kwa kompyuta. Wapangaji wengine walikuwa wameenda mazishi Wamunyu.

"Kuna nini hapa?" Kilonzo akauliza.

"Tunashika mwizi," Mama akamjibu. "Karibu chai."

Mwalimu akasema hata yeye wiki nzima ameona internet imekuwa kobe. Njeri akasema bwana yake siku hizi anaonekana kama picha ya kitambulisho, hatingishiki. Mama akatikisa kichwa. "Zamani hii ingekuwa ni ya kithitu. Watu waape, mwongo ajulikane."

Njeri akashtuka. Yeye si Mkamba, ni mtu wa Murang'a, lakini ameishi hapa ya kutosha kujua kile kiapo si cha kuchezewa. "Haki Mama, mtu aape juu ya internet?"

"Mwizi ni mwizi, mwana wakwa."

Nikasimama. (Mdomo yangu, kwa nini?) "Mama, hakuna haja ya kithitu. Mimi niko na dawa ya kisasa. Laptop ya Bwana Kilonzo, nikiichomeka kwa router yenyewe, itapima ping mbele ya kila mtu. Mimi nitachomoa waya moja moja. Ping ikishuka, mwizi tumempata. Na niwaambie wazi, mwenye atapatikana anakatwa mwezi mzima. Hata akilia!"

Kilonzo akaniangalia hivi, akatingisha kichwa kama mtu amependa kitu. Nikatunisha kifua.

Tukaanza. Nikachomoa waya za watu wa mazishi, zote. Ping: elfu moja mia mbili.

Nikachomoa ya Mama mwenyewe, ili ionekane hakuna upendeleo. Elfu moja mia tatu.

Nikaenda kwa ya Njeri.

"Ngoja, bwana yangu bado ako kwa screen!"

"Sheria ni sheria." Pap! Ping: elfu moja mia mbili. Njeri akaniangalia na macho ya kuniambia tutakutana kwa mlango.

Ikabaki Mwalimu. Nikamgeukia na sauti ya huruma, kama daktari. "Mwalimu, si vibaya ukikubali mapema."

"Chomoa," akasema. "Wewe chomoa tu."

Nikachomoa. Watu wote wakainama kwa laptop. Elfu moja mia nne.

Macho yote yakahamia kwa router. 

"Imebaki hiyo moja," Mwalimu akasema, anaonyesha na kalamu.

"Hiyo haina haja."

"Kwa nini haina haja?" Hapo ni Kilonzo.

"Hiyo ni yangu."

 Mwalimu akavuta miwani kutoka paji la uso akaivaa polepole, kama mtu anataka kuona hii vizuri.

Nikachomoa.

Sabini na moja. Sabini. Sabini na mbili. Sabini.

Mama Ndinda akapiga makofi. "Imepona! Asante Yesu! Sasa ilikuwa ni nani?"

Watu wangu. Nilitamani sakafu inimeze na kiti.

Wakanisindikiza kwangu kama mshukiwa. Wakaingia. Kompyuta iko wazi, na pale kwa screen, nyuma ya dirisha la kupima ping, kuna ile programu ya torrent. Ukishusha filamu nayo, na wewe unagawia wengine vipande. Niliiwasha Jumapili nikasahau kuizima. Ilikuwa imeshamaliza kushusha, sasa inagawa. Inagawia watu arobaini na moja dunia nzima! Ploti inakufa njaa, mimi nalisha watu siwajui.

Na ilikuwa inapita mbele ya kila mtu, kwa sababu mimi sikuambia router game ipite kwanza. Niliiambia kompyuta yangu ipite kwanza, na kila kitu imebeba. Ni kama umwambie soja wa lango rafiki yako Musyoka asizuiliwe, halafu Musyoka anaingia na ng'ombe kumi na mkokoteni wa punda.

Njeri akainama akasoma jina la filamu. Akapiga kelele. "Kumbe ni soap! Ile ya mapenzi! Episodi mia moja na ishirini!"

Mimi, mtu wa bunduki.

"Ni ya dada yangu," nikasema.

"Dada yako ako na kompyuta?" Mwalimu akauliza.

"Hana."

Kilonzo alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta. Mimi nikajua kazi imeenda. Nikamwambia ukweli tu. Nikamwambia Bwana Kilonzo, kosa ni langu, nilipanga mashine badala ya kupanga game, na nikipewa dakika kumi naweza kuipanga sawa.

"Mwezi mzima!" Njeri akakumbusha watu. "Alisema hata akilia!"

Mama Ndinda akafikiria. Akasema mtu akikatwa mwezi atakuwa anakuja kukaa kwa sitting room yake kila siku, na hiyo ni adhabu yake yeye. "Hiyo mashine si inajua kupanga watu laini? Basi ipange. Mwalimu mbele. Njeri amfuate. Halafu mimi. Wewe, nyuma kabisa."

"Na mgeni?" nikauliza.

"Mgeni ni mgeni. Game yake ipite."

Mwalimu na Njeri wakaenda kwao, mimi nikarudi kwa Mama na Kilonzo, nikarudisha waya zote nikakaa chini na router. Nikafuta ile ya Musyoka na ng'ombe. Nikapanga game kwa game yenyewe, haijalishi inatoka kwa kompyuta gani. Mtihani ya Mwalimu ikafuata, Njeri na bwana yake, Mama na picha za wajukuu. Kompyuta yangu nikaifunga kamba, itume kidogo tu. Halafu nikaacha torrent iendelee makusudi. Nikamwambia Kilonzo, "Cheza."

Akacheza. Ping themanini na nne. Haikutoka hapo. Kule nyumba ya tatu, mtihani ya Mwalimu ikafika mwisho, akasema "Aa!" kama mtu ametolewa mwiba. Kutoka nyumba ya pembeni tukasikia Njeri akicheka na bwana yake, na bwana akicheka papo hapo, bila kuchelewa.

Kilonzo akafunga laptop. "Mafundi wengi wakifika kwa waya yao, wanasema test imeisha," akasema. "Wewe ulichomoa. Jumatatu saa mbili uje. Na hiyo kompyuta yako iache nyumbani."

Funzo ndiyo hii: kabla hujaita watu waje waone ukishika mwizi, jipekue mifuko kwanza.

Naomba mtu asicheke. Lakini wenye hamuwezi kujizuia, sawa, chekeni tu. Mjue tu mnacheka mtu ako na kazi.