Wiki ya Wema wa Siri

Jumapili, 3 Novemba

Balaa! Mchungaji mpya ametuletea balaa, tena kutoka mimbarini, tena kwa tabasamu. Wiki ya Huduma mwaka huu itafanywa kwa siri. Siri! Kila darasa lichague nyumba moja yenye shida, liisaidie, lisimwambie mtu. Hakuna mabango, hakuna matangazo, hakuna kupiga picha. Aliposema picha alinitazama mimi, mwenye studio. Kanisa zima likageuka. Ni kweli mwaka jana tulipowapelekea wazee mablanketi nilitengeneza bango, na ni kweli uso wangu ulikuwa mkubwa kuliko jina la kanisa. Lakini hilo lilikuwa kosa la mchapaji.

Niandike hali ilivyo, labda kichwa kitatulia. Sisi Wamethodisti tumegawanywa kwa madarasa, na kila darasa lina kiongozi wa kulichunga. Mimi ninaongoza la Chini ya Daraja. Shemeji, kaka yake mke wangu, mwenye duka la dawa, anaongoza la Juu ya Daraja, na anavyotembea utadhani ameshakabidhiwa na la mbinguni. Mwenyekiti wa Kamati ya Huduma amehamia mji mwingine. Kiti ki wazi. Mchungaji atamtaja mrithi Jumapili ijayo. Ni mimi au shemeji. Miaka yote ya ndoa yangu nimekaa meza moja na yule bwana akinifundisha namna ya kutafuna. Kiti hiki sikiachi!

Sasa mtu anayefanya wema kwa siri atachaguliwaje? Hilo Mchungaji hakulieleza. Nimelifikiria mchana kutwa mpaka chakula kikapoa. Jibu nimelipata. Sitajitangaza. Nitafumaniwa.

Jumatatu, 4 Novemba

Nyumba imepatikana! Ni ya Mzee Saa, fundi saa wa zamani, anakaa peke yake barabara ya sokoni. Paa lake limeoza. Si kutoboka, kuoza. Ukilala kitandani kwake unahesabu mawingu kupitia matundu ya dari. Kitanda chenyewe amekihamisha kona hadi kona akikimbia matone, sasa kimefika mlangoni na wageni tunaingia kwa kukiruka. Binti yake, aliyeolewa mbali, anakuja Jumamosi. Amemwambia wazi kwamba akikuta paa bado linavuja, anamchukua na nyumba inafungwa. Mzee hataki. Anasema mke wake alitolewa kwenye nyumba hii kwenda kuzikwa, naye angependa atolewe humo humo, si kwenda kuzeekea kwenye sebule ya mkwe. Aliyasema hayo huku akisafisha saa isiyo na mwenyewe. Nyumba nzuri mno kwa huduma!

Mabati yapo, mwanadarasa mmoja katoa. Fundi wa paa tunaye, naye ni mwanadarasa. Kilichobaki ni kufumaniwa.

Nikapitia kwa Redio. Huyu ni mama muuza mitumba, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na hilo jina hakupewa bure. Mwambie jambo asubuhi, adhuhuri utasimuliwa na mtu usiyemjua. Nikamweleza yote, nyumba, mzee, paa, na mimi. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa mpaka machozi yakamlengalenga. Kazi kwisha!

Jumanne, 5 Novemba

Kimya. Nimezunguka mji mzima, sikupongezwa na mtu. Muuza magazeti alinisalimu kama siku zote, yaani hakunisalimu. Nikarudi kwa Redio kuuliza kulikoni. Kumbe mahubiri ya Jumapili yamemwingia! Ameacha umbea, na ameamua kuanza na siri yangu. Alinishika mikono yote miwili, akasema hata wamchune ngozi hasemi. Mwanamke huyu hajawahi kunyamaza hata wakati wa maombi. Kati ya wiki zote alizopewa na Mungu, amechagua hii!

Fundi wa paa akapiga simu. Yuko tayari, aanze leo leo. Nikamwambia asubiri. Jumanne barabara ile haina mtu. Jumamosi ndiyo siku ya soko. Hebu fikiria: darasa zima juu ya paa, mimi katikati na nyundo, na umati unapita chini! Mtu atanyoosha kidole, nami nitashtuka na kuficha uso kidogo. Nimefanya mazoezi ya kushtuka mbele ya kioo cha studio. Napendeza zaidi nikishtukia upande wa kushoto.

Mama watoto akauliza, na mvua je. Nikamwambia mvua ni ya mwisho wa mwezi. Akauliza nani kaniambia. Huyu mwanamke kwa maswali!

Jumatano, 6 Novemba

Shemeji ana jambo. Nimemwona na rangi ya samawati kwenye kucha. Mtu wa vidonge rangi kaitoa wapi? Nikamfuata kwa mbali, nikijibanza kwenye kuta. Akaingia kwa yule mjane mshona nguo. Nikapanda kichuguu nikachungulia juu ya ua. Darasa la Juu ya Daraja lote limo humo na brashi, wanapaka nyumba rangi, wanaimba kwa sauti ya chini. Hata kunong'ona kwao kuna maringo.

Ua ukavunjika. Nikaangukia tuta la mboga. Shemeji akaja, akauliza natafuta nini. Nikasema kuku wangu. Akasema hatufugi kuku. Nikasema ndiyo maana simwoni.

Akaniinua, akanipangusa udongo, akanisihi kwa jina la Bwana nisimwambie mtu nilichokiona. Halafu akanitajia jina la mjane na barabara anayokaa, mara mbili, polepole, kama anayemsomesha mtoto. Mnafiki mkubwa! Naye anataka afumaniwe! Simwambii mtu ng'o.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Si ya mwisho wa mwezi, ya leo. Ilianza alfajiri ikamwagika kama ina hasira na mtu. Nilipofika kwa Mzee Saa nilimkuta kitandani, kafungua mwavuli ndani ya nyumba, miguu kaiweka juu ya kiti, anatengeneza saa. Blanketi chepechepe. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama Jumamosi bado ipo. Nikasema ipo, mzee wangu. Roho iliniuma. Sitajidanganya humu, iliniuma kweli.

Nikampigia fundi wa paa. Amepata kazi nyingine, yuko safarini, atarudi wiki ijayo. Alinikumbusha, kwa adabu, kwamba mimi ndiye niliyemwambia asubiri, na kwamba watoto wake hawali kusubiri.

Basi mvua ilipokatika nikapanda mwenyewe. Nyundo kiunoni, misumari mdomoni. Kamera niliiacha ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha muuza matunda, nimeitegesha ijipige yenyewe. Huko si kujitangaza. Kamera ina uhuru wake. Kwanza nikang'oa mabati mabovu ya upande wote wa mbele, ili mpita njia aone kuna kazi. Nilipomaliza kung'oa nikagundua mabati mapya sikuyapandisha. Nikageuka niyafuate. Nikakanyaga dari.

Dari haikanyagwi. Mguu ulizama hadi pajani, mwingine ukabaki juu, nikawa nimeipanda nyumba kama punda. Kutoka chini nikamsikia Mzee Saa akiniambia karibu.

Nikapiga ukelele. Majirani wakatoka wakiitana kwamba kuna mwizi juu ya paa. Wakaja wengi, wengi kuliko niliowatarajia Jumamosi! Ikabidi niwatangazie kutoka kule juu kwamba siruhusiwi kueleza ninachofanya, kwa sababu ni wema wa siri. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini kwenye matope.

Ijumaa, 8 Novemba

Kifundo cha mguu kimevimba. Mama watoto amekifunga bendeji bila kusema neno, na kimya chake nakiogopa kuliko kelele zake. Mji mzima unaniita Mguu Darini. Kamera nayo imepiga picha nyingi, zote za mgongo wa muuza matunda.

Mchungaji alikuja kunipa pole. Nikamwambia siwezi kulizungumzia lile jambo. Akasema anaelewa, akauma midomo, akaomba udhuru, akatoka uani. Nilimsikia akicheka. Aliporudi macho yake mekundu, lakini akasema neno moja lililonipandisha moyo: angalau nilipanda mwenyewe, na jina langu kwenye kile kiti bado lipo. Bado lipo!

Lakini paa. Nusu ya paa haipo tena, na aliyeliondoa ni mimi. Binti ni kesho. Niliwapigia wanadarasa wangu, hawapokei simu, wamechoka kuambiwa wasubiri. Hapo mama watoto akafungua mdomo. Kaka yake ana ngazi, alisema, ana watu waliomaliza kwa mjane jana, na mimi nina ulimi wa kuombea. Nikasema bora nife. Akasema atakayekufa ni yule mzee, kwa unyonge, nyumbani kwa watu, na kwa upole wake hatamlaumu hata mtu. Akanisukumia gongo la kutembelea, akaenda zake jikoni.

Nikaenda. Duka la dawa limejaa, nikapanga foleni mwisho kabisa, na kila aliyekuja nyuma yangu nikampisha. Mwishowe foleni ikaisha. Shemeji akanisikiliza huku akipanga chupa. Akasema atakuja, darasa lake lote, kesho asubuhi mapema. Sharti ni moja: nijitoe kwenye kile kiti. Nimwambie Mchungaji leo hii, kwa mdomo wangu, na sababu nisimtajie yeyote, milele.

Kiti changu! Nikatoka nje. Nikarudi ndani. Nikatoka tena. Nikamkumbuka yule mzee na mwavuli wake, akiuliza kama Jumamosi bado ipo. Nikarudi nikasema haya, chukua. Nilitaka kulia. Nadhani nililia, kwa sababu mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kikohozi alinipa kiti chake.

Mchungaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ni mambo ya kifamilia.

Jumamosi, 9 Novemba

Paa limekwisha! Walikuja wote wa Juu ya Daraja, na wa kwangu wachache walioona aibu. Mimi nilipewa kazi ya kushika ngazi. Kushika ngazi! Watu wa sokoni wakapita, wakasimama, wakamnyooshea shemeji kidole kule juu. Akashtuka. Akaficha uso kidogo, upande wa kushoto. Ule ni mshtuko wangu, nauapia! Ameupata wapi?

Binti alifika na mizigo yake na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Hakuvuka hata kizingiti, mvua ikaanza, nzito. Tukaingia wote ndani, tukasimama tukitazama juu. Tukangoja. Hakuna tone. Mzee Saa akakishika kitanda chake, akakataa kusaidiwa, akakisukuma kutoka mlangoni mpaka katikati ya chumba. Akakaa. Akamtazama binti yake. Binti akaangua kilio, kisha akavua viatu, akauliza sufuria zinakaa wapi.

Mzee habanduki. Nikatoka nje nikasimama mvuani, watu wasione uso wangu. Hakukuwa na watu.

Jumapili, 10 Novemba

Mwenyekiti wa Kamati ya Huduma ni Redio!

Mchungaji alieleza mwenyewe. Viongozi wa madarasa, wote, bila kubaki hata mmoja, walimwendea mama huyu Jumatatu na siri zao, wakamwapisha asiseme, na hajasema hata moja. Mchungaji amejuaje? Shemeji alimwendea Mchungaji katikati ya wiki, ana wasiwasi, anauliza kama yule mama anaumwa koo. Alikwenda na chupa ya dawa kabisa. Wengine wakafuata na swali hilo hilo, na mimi Mchungaji alinikisia tu. Jina lilipotajwa, shemeji alikuwa ameshanyanyuka nusu kwenye benchi. Akajifanya anavuta soksi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi hadi wimbo ukanipotea.

Nje ya kanisa Mzee Saa alinishika mkono. Amenikaribisha chai Jumanne, ila safari hii nipitie mlangoni. Akainama sikioni, akasema anajua nilichokitoa ili yeye abaki kwake, mama watoto, aliyelisikia kwa kaka yake, kamnong'oneza, na kwamba hatamwambia mtu. Nikamwambia asijibane sana.

Maana nimekaa nikafikiri. Nimejinyima kiti kwa ajili ya mzee mpweke. Mji huu mzima nani kafanya kubwa kama hilo? Na nje ya hawa wachache hakuna anayelijua! Niliahidi kutosema, sawa. Sikuahidi kutoulizwa. Kifundo kimepona upesi, kwa namna ya kuudhi kabisa, na mtu mzima wa miguu nani atamuuliza habari? Kwa hiyo kesho nitapita sokoni na bendeji, kubwa, nyeupe, nikichechemea taratibu mbele ya duka la dawa. Wakiniuliza nitashusha pumzi, nitatazama mbali, nitasema ni mambo ya huduma, siruhusiwi.

Tatizo ni dogo tu. Sikumbuki ulikuwa mguu upi, na mama watoto amekataa kuniambia. Nimefunga yote miwili.