Rinkal Binti Lilavati na Vita vya Gigabiti Mbili na Nusu

Kusanyikeni, enyi watu wa Mchafukoge, teremkeni maghorofani! Nanyi wa Upanga, zimeni bajaji zenu mnisikie! Wewe unayecheka pale nyuma, cheka mapema, maana nikimaliza utalia kwa wivu. Namsimulia Rinkal binti Lilavati, mhariri wa video za harusi, jemadari wa nyaya, aliyeingia Kariakoo Jumamosi mchana peke yake akatoka na simu yake ingali mfukoni!

Chanzo cha vita kilikuwa stoo. Humo Rinkal aliiweka seva yake, kompyuta itunzayo harusi za nusu ya jiji, na kutoka humo hadi chumbani kwake video moja ilitambaa kama kobe mwenye mimba. Kila jioni aliitwa kula, kila jioni akajibu "nakuja," na kila jioni akala baridi. Hatimaye mama yake, Bi Lilavati, malkia wa achari, alisimama mlangoni na kifimbo cha kusukumia chapati mkononi, akanena:

"Ewe mwanangu niliyekuzaa kwa uchungu! Chapati zangu zimepoa vya kutosha. Jumapili jioni nikiepua ya kwanza, nawe uanze kuhamisha video ya harusi moja nzima kutoka stoo. Ukimaliza ukafika mezani ingali moto, stoo ni yako. Ikipoa, mashine zitoke, mapipa yangu ya achari yaingie!"

Lahaula! Flati lenyewe vyumba viwili. Stoo ikienda, na kazi imeenda.

Basi Rinkal akashuka Mtaa wa Aggrey, akapenya kati ya machinga na mikokoteni, hata akamfikia Abdulmalik, muuza vifaa vya kompyuta vilivyokwisha kutumika.

"Dada'angu," akahutubu Abdulmalik, akiinua swichi yenye vumbi, kisanduku cha kuunganishia nyaya za kompyuta, kana kwamba ni kombe la taifa, "hii mwendo wake ni gigabiti mbili na nusu kwa sekunde! Imetoka ofisi iliyofungwa, haijamwangusha mtu. Ukitaka mpya, kauze shamba."

"Kaka Malik, mimi mteja au mtalii? Nitilie na kadi mbili za mtandao kwa bei hiyo hiyo, au niende kwa jirani yako anayenichekea."

Abdulmalik akashika kifua, akamwita Mungu shahidi kwamba anafilisiwa, kisha akafunga vyote katika mfuko mmoja, na kebo mpya juu yake. "Nenda, dada, utaniua."

Jumapili kadi moja ikaingia kwenye seva, nyingine kwenye kompyuta yake, kebo zikavutwa. Akawasha. Taa ya swichi iliyopaswa kuwaka kijani ikawaka rangi ya chungwa: mwendo ule ule wa zamani! Na jikoni unga ulikuwa umekwisha kukandwa.

Akapapasa kila kiungo, hadi nyuma ya hekalu dogo la nyumbani, akaganda. Hapo alikuwa ameiacha kebo moja ya zamani kwa makusudi. Kila Dasara, siku ya kubariki vitendea kazi, Mama aliifunga uzi mwekundu na kuipaka unga mwekundu; nani angethubutu kuichomoa? Tukufu ilikuwa, lakini kongwe, na mbio zote zilifia hapo.

"Mama!" akalia. "Adui yuko chini ya ulinzi wa miungu!"

Bi Lilavati akaja, mikono ina unga. Akaitazama kebo, akamtazama bintiye anayelengwalengwa na machozi. Angalinyamaza tu, stoo ingalikuwa yake. Jamani, hapa moyo wangu hunidunda kila nikisimulia.

"Mjinga wewe," akanena. "Baraka ni ya kazi, si ya plastiki. Mzee apumzike." Akaufungua uzi mwenyewe, akaufunga kwenye kebo mpya, ile ya zamani akaikunja vizuri, iwe ya kufungia pazia la hekalu. Kisha akarudi jikoni akipaza sauti: "Lakini sikuhurumii! Chapati naepua sasa!"

Rinkal akaichomeka kebo mpya. Kijani! Akabonyeza, na harusi nzima, bwana harusi na shangazi zake wote wanaocheza, ikamiminika na kutua salama. Akatimka sebuleni, akateleza, akadaka kiti, akaishika chapati.

"Uwiii, inaunguza!" akapiga kelele kwa furaha, hata jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Bi Lilavati akaipaka samli. "Stoo ni yako. Haya, kula."

Basi na iandikwe katika tarehe za Mchafukoge kwamba jioni ile Rinkal alikula chakula kikiwa moto, na mama yake, aliyezoea kula peke yake, alipata wa kula naye.