Wimbo wa Kihispania Umeniumbua Satellite

Leo nimeaibika. Nawaambia mwenyewe kabla Mama Auma hajawafikia.

Mnajua ule wimbo wa Kihispania? Wa yule msichana aliyetoa albamu yake ya kwanza juzi tu, na sasa kila kibanda hapa mtaani kwetu Lindi ni yeye. Ngoma, gitaa, halafu anahema kama mtu aliyepanda mlima na mtungi wa maji. Mimi nimeupiga marufuku kwangu. Mjukuu wangu Nafula akiuimba, namtuma maji. (Siku hizi mitungi yote imejaa.)

Leo wamama wa kanisa tulikutana kanisani, kule mtaa wa Satellite, kuchagua mlezi wa wasichana. Hiyo kazi naitaka tangu zamani, sifichi. Zamu yangu ikafika, nikasimama.

"Wasichana wetu wanaharibiwa na huo wimbo wa kutikisa mabega! Mkinichagua, hautasikika tena!"

Makofi! Nikajua nimeshinda. Nikaona niwamalize na andiko, liko kwa simu. Kuangalia mkoba, simu hakuna.

"Mama Auma, hebu nipigie."

Mama Auma hasikii vizuri, simu yake iko kwa spika siku zote. Akapiga. Weh! Ngoma! Gitaa! Yule msichana na kuhema kwake!

"Nani amefungulia huo uchafu kanisani?" nikafoka.

"Si ni wewe, Mama Wanjala! Ukipigiwa ndio kunalia hivi!"

"Zima!"

"Nizime aje, na umesema nikupigie?"

Hapo kifua changu kikaanza kutetemeka. Kumbe simu niliitia huko mwenyewe, imefungwa kwa leso, isiibiwe njiani, na sauti nimeizima kwa heshima ya mkutano. Nikaruka! Nikaivuta, imekwama kwa sindiria. Bega la kushoto likaenda, la kulia likafuata, na wimbo unaendelea.

"Woi! Mabega hayo!" mmoja akapiga kelele nyuma. "Nyanya huyu! Shosh anaweza!"

Mke wa mchungaji alikuwa ameinamia meza, analia kwa kucheka.

Nafula, niliyekuwa nimekuja naye, akaninong'oneza, "Kukhu, si ni ile siku kampuni ya simu ilikupigia, ikakwambia ubonyeze moja upewe wimbo?"

Nilibonyeza moja ndio inyamaze!

"Basi kila mtu akikupigia, huo ndio anausikia akingoja ushike."

(Na mchungaji hunipigia kila wiki. Mungu wangu.)

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenituma maji."

Nimechaguliwa. Mikono yote ilipanda juu. Lakini wasichana wameshasema hawaimbi Jumapili mpaka mlezi wao awaonyeshe yale mabega.

Nafula ameniuliza sasa hivi kama autoe huo wimbo kwa simu. Nimemwambia angoje kwanza. Mama Auma alikata katikati, na mimi nataka kujua yule msichana alimalizia wapi.

Na anayecheka huko, namuona.