Kibuyu cha Mama Mkwe Kinakwenda Dar

Jumanne, 8 Julai 2003

Priska wangu kafika leo kutoka Dar. Kakonda, lakini Kiingereza kimenenepa! Yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea kazi za makumbusho na historia. Hapa kwetu mlimani, Kirua yote, nani mwingine ana mtoto wa hivyo? Nitajieni.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu wake, Dokta Ruth, anakuja hapa hapa kwetu Jumamosi. Priska amwonyeshe kitu kimoja cha kale cha nyumbani na kueleza habari zake. Akifaulu, anahitimu, na kitu kinawekwa kwenye maonyesho Dar. Akifeli, anarudia mwaka. Amechagua kibuyu cha maziwa cha marehemu mama mkwe, kile kinachoning'inia juu ya mafiga. Kanisihi tena na tena: mama, usikiguse.

Jioni, sala za jumuiya. Sikujisifu, nilitaja tu. Mama Remigius, jirani yangu, akauliza mbele ya watu, eti miaka yote hiyo chuoni mtoto anasomea vibuyu? Wake anasomea dawa. Nikamwambia aje Jumamosi ajionee. Na avae vizuri, kutakuwa na wasomi.

Nimelala naona chumba kirefu cha vioo. Kibuyu katikati, taa inakimulika. Watu wananong'ona: mama yake Priska ni yule pale, mwenye kitenge.

Alhamisi, 10 Julai

Ukungu tangu asubuhi. Migomba inatokea mmoja mmoja kama watu wanaokuja msibani. Halafu mawingu yakafunguka, Kibo ikasimama juu yetu, nyeupe, imenawa uso. Nikasema hiyo ni ishara.

Priska kashuka mjini Majengo kuchukua picha zake kwa mpiga picha, atarudi kesho. Nikakitazama kibuyu. Masizi! Meusi kama chungu cha pombe ya mbege. Dokta mzima atoke chuo kikuu aje kushika masizi kwangu? Mimi niliishia darasa la saba, lakini mgeni hakuti uchafu kwangu.

Nikakisugua. Mchanga, majivu, sabuni, steliwaya. Kikatoka rangi ya asali. Kulikuwa na vanishi iliyobaki ya kabati. Nikakipaka. Kinang'aa! Mpaka kuku kajiona humo akashtuka.

Ijumaa, 11 Julai

Priska karudi. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alikaa chini jikoni akakipakata. Akasema habari aliyoandika yote ilikuwa ya yale masizi. Kila moto aliowasha bibi yake, kila asubuhi ya maziwa, ulikuwa juu ya kile kibuyu. "Mama, umemwosha bibi!"

Nikakining'iniza kwenye moshi wa kuni mbichi. Vanishi ikatoa malengelenge. Harufu ya karakana nyumba nzima. Baba Priska, yaani Melkior, kaenda kulia chakula chake kwa ng'ombe.

Ndipo nikakumbuka jiko la Mama Remigius. Yule mwanamke hajasugua kitu tangu Uhuru. Ana kibuyu cheusi kinachofanana na chetu kabisa. Nikaenda kumsalimia. Alikuwa mbali, anakata majani ya ng'ombe. Basi nimekiazima bila kumsumbua. Kimekaa vizuri chini ya kanga.

Priska nimemwambia bibi yake alikuwa na viwili, cha pili nimekikuta darini. Kanikumbatia. Lo, alivyonukia Dar!

Jumamosi, 12 Julai

Dokta Ruth ni mtu wa watu. Kanipa shikamoo kwa kupiga goti kidogo, kala mtori wa ndizi, kaomba tena. Priska akakishika kibuyu akaanza. Maneno yanatiririka kama mfereji! Nikaelea. Niko Dar, niko kwenye vioo.

Mlangoni, Mama Remigius. Gauni la Pasaka. Nilisahau nilimwalika mwenyewe!

Akakodoa macho. Akasogea. Akasema ule ufa ulioshonwa kwa uzi wa bluu, mkono ulioushona ni huu hapa. "Mama Priska, unaniibia kibuyu ukakisomeshe chuo kikuu?"

Priska akakigeuza kibuyu, akauona uzi wa bluu. Mwaka mzima wa mwanangu unaanguka, naona kwa macho.

Sikufikiri. Nikatoka mlango wa nyuma mbio mpaka mpakani mwa shamba, nikakata jani la sale. Nikarudi nimelishika kwa mikono miwili, nikampa Mama Remigius kichwa chini. Akaniambia mimi ni nyoka, tena nyoka mnene. Lakini Mchagga gani atakataa sale? Akalipokea, amenuna.

Dokta kasimama! Akauliza kumetokea nini. Priska akafuta machozi akaeleza: jani hili ni ombi la msamaha, anayeletewa halikatai. Kisha, maskini mwanangu mkweli, akaleta na kile cha vanishi. Akasimulia yote: mama aliyeosha, jirani aliyeibiwa. Mimi natazama sakafu.

Dokta akasema vibuyu vyote viwili viende Dar, na jani, Mama Remigius akiridhia. Na Priska amefaulu. Amefaulu! Mama Remigius akaridhia, ila jina lake liandikwe kwanza. Sawa. Langu litafuata, lakini langu ndilo lenye vanishi.

Jumatatu, 14 Julai

Kumetulia. Kibo imejifunika. Naona vile vioo hata nikikamua ng'ombe.

Kabla ya kuondoka Dokta aliuona mfereji wetu wa maji, ule waliouchimba mababu kupita katikati ya kihamba, shamba letu la migomba. Akapiga picha hata tope. Mwezi wa tisa ataleta wanafunzi wote wauone. Kamsihi Priska, na Priska kanisihi mimi: usiguswe.

Wanafunzi wa chuo kikuu, na viatu vyao, kwenye tope langu? Leo Priska alipopanda tu basi nimemwambia Melkior alete ule mfuko wa saruji uliobaki kwenye ujenzi wa kanisa la kigango. Tunausakafia mfereji wote, na kingo napaka rangi nyeupe. Melkior kauliza, na mtoto akija kuona?

Nimemjibu masale mpakani yako tele.