Nilivyokalia Sufuria la Msiba

Jumatatu, 6 Julai

Habari mbaya. Jumamosi wanakuja wageni wanane kwa treni kutoka Dar, wastaafu wanaofuata njia ya zamani ya misafara. Wanataka mtu wa kuwatembeza hadi Kwihara, kituo cha zamani cha misafara nje kidogo ya mji. Na mtu huyo anachaguliwa na nani? Na chama cha watembeza wageni! Chama ambacho sijawahi kukanyaga mkutano wake hata mmoja. Kila mwezi wenzangu wanafagia njia, wanakubaliana bei, wanapelekeana wageni. Mimi nilisema hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi. Kampuni yangu ina mkurugenzi, dereva na mpishi. Wote ni mimi, na wote hatujaona mgeni tangu Pasaka.

Advera, mke wangu, kasema nikiwakosa wageni hawa nakwenda Ziba kumchungia kaka yake ng'ombe. Mimi ng'ombe nawaogopa. Anajua.

Jumanne, 7 Julai

Nimekwenda Isevya kwa Bi Asmahani, mwenye nyumba ya wageni, ambaye ndiye mwenyekiti. Mkutano ulikuwa umeshaanza. Nikagawa matobolwa niliyobeba, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Nikaeleza, kwa unyenyekevu, kwamba chama kinahitaji uongozi mpya na kwamba niko tayari. Walitafuna matobolwa yangu yote. Bi Asmahani akasema chama si kibaraza cha kukimbilia mvua ikianza kunyesha. Baba yake, Mzee Sabiri, akapita akichechemea na bakora yake, akilalamika kwamba chai ya nyumba hii haina sukari. Ni yeye peke yake aliyenipa mkono.

Lukumani naye alikuwepo. Mpinzani wangu huyu, mwenye baiskeli za kukodisha. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani tangu enzi za misafara. Akanikaribisha kwa sauti: mpagazi wangu huyo, Revocatus, mzigo umeuacha wapi? Wote wakacheka. Inaniuma sana jinsi watu wanavyompenda.

Jumatano, 8 Julai

Mzee Sabiri amefariki usiku wa kuamkia leo. Uzee tu. Nimesikitika kwa dhati. Halafu nikapata wazo.

Mwaka jana, kwenye msiba wa mama mkwe, Lukumani alikalia sufuria la ugali akagoma kuinuka mpaka wafiwa wamgomboe. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Advera, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili, akacheka, akala. Hadi leo ukweni wanamwona Lukumani ndiye mtu, na mimi ni yule aliyesahau kuleta kuni. Basi! Bi Asmahani amekulia Temeke, na Kiswahili chake ni cha Dar kabisa. Mtu wa Temeke ni nani kama si Mzaramo? Kwa hiyo ni mtani wangu. Kesho mazikoni, kumtania ni haki yangu. Ni wajibu!

Alhamisi, 9 Julai

Mungu wangu.

Nilifika baada ya mazishi, watu wamekaa mkekani wanasubiri chakula. Nikavaa kofia ya marehemu, nikachukua bakora yake pale kibarazani, nikachechemea katikati ya watu nikilalamika kwamba chai haina sukari. Kimya. Nikadhani hawajanisikia, nikaongeza sauti. Kisha nikakalia sufuria la wali na kutangaza kwamba siinuki mpaka nigombolewe.

Sufuria lilikuwa limetoka motoni sasa hivi. Niliinuka bila kugombolewa.

Mzee mmoja akauliza huyu ni mtoto wa nani. Lukumani akanivuta pembeni, ndoo mkononi, akaninong'oneza kwamba hawa ni Wapare wa Same. Si watani wangu wala si watani wake, na ndiyo maana yeye tangu alfajiri anachota maji, mdomo kaufunga. Nalala kifudifudi leo.

Ijumaa, 10 Julai

Advera kanitimua nikaombe radhi. Nikaenda, nikaosha masufuria yote ya msiba, tena kwa kusimama, maana kukaa siwezi. Chama kizima kilikuwa pale. Huyu anapanga viti, yule anapasua kuni. Hakuna aliyenisema. Baadaye akaja Bi Asmahani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa uchovu. Akasema jana walikasirika sana. Ila usiku mama yake, mjane mwenyewe, alisema yule mpumbavu kachechemea sawasawa na mume wangu, akacheka huku analia. Nami nikalia kidogo, juu ya masufuria.

Akaongeza kwamba wageni watatembezwa na Lukumani. Mimi nifuate nyuma na maji na chakula. Na niwe nakuja kufagia njia kila mwezi kama wenzangu. Wageni nitawapata, taratibu.

Jumamosi, 11 Julai

Treni ilikwama kituo cha Tura mpaka jua likawa kali. Nimebeba kapu kichwani hadi Kwihara. Lukumani yuko mbele anasimulia habari za wapagazi, na kila akitaka mfano ananionyesha mimi. Wageni wakanipiga picha. Nimechoka vibaya.

Wakati wa kurudi nimelitafakari kosa langu kwa makini, na nimeliona: sikuuliza kabila. Mbinu yenyewe haina tatizo! Kufagia kila mwezi ni safari ndefu, na mimi nataka njia ya mkato. Kwa hiyo tulipokuwa tunaagana nilimuuliza Lukumani, Mzaramo asiye na shaka, habari za mama yake anayeishi naye hapa mjini. Akasema mzima kabisa, bado anatwanga mwenyewe. Nikasikitika kidogo, Mungu anisamehe. Hata hivyo kesho nitapita kumsalimia, nimtazame anavyotembea.

Advera amerudi sokoni na fimbo ya kuchungia. Anasema ni zawadi ya kumpelekea kaka yake. Ajabu, kaipima kwa urefu wangu.