Nahodha Asivuliwe Cheti Kabla Ziwa Halijahojiwa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Tume ya Kuchunguza Kuzama kwa Meli ya Mizigo.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kikavu. Mimi ni mpishi wa ile meli tuliyozoea kuiita Bi Mkubwa, iliyozama ziwani wiki tatu zilizopita, mchana kweupe, dhoruba ikivuma, ikiwa na saruji, magodoro na samani. Tulikuwa watu tisa na tulitoka wote salama kwa boti ya kuokolea, namshukuru Mungu. Kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba Ijumaa Tume yako inataka kumvua nahodha wetu cheti, na nahodha huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Mimi mwenyewe nalala sebuleni kwao.

Tume inasema mfuniko wa ngama, yaani lile tumbo la meli linalobeba mizigo, haukukazwa bolti, mawimbi yakaufungua, maji yakaingia. Basi. Wiki mbili za vikao na sababu moja tu! Hata mtoto akivunja kikombe huja na sababu nne. Mji huu umejaa watu wenye nadharia zilizokomaa, na nalalamika kwamba hakuna hata mmoja aliyeitwa. Naziorodhesha hapa kwa heshima zote.

1. Kinyozi wa karibu na lango la bandari anasema nahodha alinyoa ndevu siku moja kabla ya safari. Kwa miaka kumi na minane shemeji ameujua upepo kwa ndevu. Zilipoondoka, dhoruba ilimpiga usoni akadhani ni feni. Kinyozi yuko tayari kuja, na ndevu zenyewe amezifunga kwenye gazeti kama kielelezo.

2. Fundi cherehani aliyeshona bendera ya meli amekiri kwamba kitambaa kilimpungukia akamalizia kwa shuka. Kwa maoni yake, chombo kinachopeperusha shuka kinajiona kimeshafika nyumbani, kinatafuta pa kulala. Nimelifikiria jambo hili siku mbili sijaliona kosa.

3. Hapa naomba radhi mapema. Kwenye orodha ya mizigo kulikuwa na sofa la ngozi la watu saba, pamoja na meza yake ya kioo, vikipelekwa nyumbani kwako, Mheshimiwa. Sisemi sofa lako ndilo lililoizamisha meli. Wanaosema ni makuli, na wao ndio waliolibeba. Ninachojua ni kwamba saruji yote ilisogezwa upande mmoja ili sofa lisikwaruzwe, na Bi Mkubwa akatoka bandarini ameinama kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Tume ingeweza kumwita mwenye sofa. Anapopatikana panajulikana.

4. Namba hii nimemwachia shangazi, ambaye nadharia yake bado haijaiva.

5. Mtabiri wa hali ya hewa alitangaza redioni kwamba siku hiyo kungekuwa na upepo mwanana. Upepo ukasikia, ukaudhika. Nani anapenda kuitwa mwanana mbele ya watu?

6. Sasa ziwa. Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Mashahidi wako wote walisema maneno yaleyale: ziwa lilichafuka, ziwa lilituinua, ziwa likatubwaga. Mtuhumiwa ametajwa tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho, na hajaitwa hata mara moja, ilhali anaonekana kwenye dirisha la ukumbi wenu. Meli anayo yeye mpaka leo. Mtu akikutwa na baiskeli ya mwenzake hatuanzi kuuliza kama ilifungwa kufuli vizuri, tunamshika aliyeikalia. Naomba ziwa lihojiwe rasmi, na likikaa kimya, ukimya huo uandikwe kwenye kumbukumbu.

7. Ziwa likikana, basi itabidi tukubali kwamba meli haikuzama. Kuzama ni kwenda chini bila kupenda. Bi Mkubwa alikuwa na miaka arobaini na mmoja kazini, maombi yake ya matengenezo yamelala ofisini kwenu, majibu hana. Naamini alistaafu. Na sijasikia popote mtu akinyang'anywa cheti kwa sababu mwenzake amestaafu.

8. Kuhusu bolti zenyewe. Nani aliziona hazipo? Meli iko chini kabisa, huko hajafika mtu. Mnategemea maneno ya serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, aliyekuwa mgeni, siku nne tu kazini. Alisema alifungua sanduku la bolti akalikuta tupu, akadhani zimeshakazwa, akamwambia nahodha mambo tayari. Kudhani kwa mgeni ni ushahidi gani?

Mheshimiwa, huku nyumbani hali si nzuri. Shemeji alisimama mbele yenu akasema meli ni yake na kosa ni lake, akakaa. Hakumtaja mtu. Sasa anaiendesha nyumba. Asubuhi anasimama kwenye dirisha la jikoni anaandika daftarini upepo unatokea wapi. Amewavalisha watoto maboya kabla ya kuoga, na juzi alimwamuru dada apunguze mwendo wa kufagia maana tunakaribia ukuta. Dada anacheka mpaka anashika mbavu, halafu anaingia chumbani, anafunga mlango, na akitoka macho yamevimba. Mtu huyu hajui kazi nyingine duniani. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Nawasalimu wajumbe wote, karani wenu mwenye mwandiko mzuri, mlinzi wa mlangoni aliyenifukuza mara mbili kwa adabu, na mama wa nyumbani kwako, ambaye nampa pole kwa kuendelea kukalia viti vya zamani.

Kwa unyenyekevu unaokaribia kuchoka,
Mpishi wa Bi Mkubwa, kwa sasa wa sebuleni.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Dada ameniomba sufuria kubwa, ile niliyokimbia nayo kwenye boti siku ya ajali. Tangu siku hiyo nimeiweka uani na kifuniko chake, nikisema naogopa harufu ya maharage. Leo ameifungua yeye. Ndani mna bolti kumi na mbili za mfuniko wa ngama, nilizozitumbukiza humo wakati wa kukimbilia boti. Tukitoka bandarini chombo hutikisika, nami huzichukua kwenye lile sanduku nikazipanga juu ya vifuniko, sufuria zisimwagike. Maharage yakiiva, serahangi wa zamani hupita jikoni, tunataniana, anazichukua, anakwenda kuzikaza. Miaka sita tumefanya hivyo na nahodha hatukumwambia. Safari hii mzee hakuwepo, na mgeni sikumwambia apite jikoni. Nilikuwa najua, Mheshimiwa, tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nadharia zimefika nane. Dada amenishikisha sufuria mkononi. Niko nayo kwenye benchi nje ya mlango wako. Naomba unipokee kabla ya Ijumaa, na cheti mlichokishikilia umpelekee shemeji wewe mwenyewe nyumbani, maana mimi sijui nitamtazama vipi.