Shule ya Jikoni

Jumatatu, 3 Juni

Mvua bado. Joto la kutokota. Mkwe wangu Mugdha ameanza tena kile anachokiita muhula. Muhula! Shule yenyewe ni meza ya jikoni. Wanafunzi wawili. Kengele hakuna. Mwalimu ana unga mpaka viwikoni.

Na mimi, Shripad Ketkar, mwalimu mkuu mstaafu, miaka thelathini na minne ya chaki hapa hapa mjini Miraj, naombwa niondoe gazeti langu mezani ili wajukuu zangu wajifunze sehemu kwa kukata mkate wa bhakri. Nusu, robo, theluthi. Halafu wanaila! Nimeuliza: na ushahidi wa kazi iliyofanyika uko wapi? Mukta, wa miaka sita, akafungua mdomo akanionyesha.

Dada yake, Girija, ana miaka kumi. Huyo ndiye chanzo. Mwaka jana mwalimu wake alimsimamisha uani juani kutwa nzima kwa sababu hakujibu swali. Mtoto akajikojolea mbele ya wenzake. Tangu siku ile ana kigugumizi. Mwanangu Hemant, fundi wa reli, akakubaliana na mkewe kwamba watoto wasomee nyumbani. Mimi sikuulizwa. Mtoto harekebishwi kwa kufichwa jikoni! Hurudishwa palepale alipoangukia.

Hatua ya kwanza: barua kwa ofisi ya elimu. Bila jina. Nimejiita Raia Mwema. Nimeeleza kwamba kuna nyumba mtaani kwetu ambamo hesabu inafundishwa kwa mikate. Nimeiandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, maana jambo la elimu haliandikwi ovyo. Nimeitia posta mwenyewe. Nimerudi na njaa ya kijana.

Jumanne, 4 Juni

Mtihani wa ghafla! Nimesubiri Mugdha aende sokoni. Maswali arobaini, ili wakaguzi wakija wakute ushahidi.

Mukta amepata karibu yote, kisha akaniuliza kwa nini namba haigawanyiki kwa sifuri. Nikamwambia hilo ni la madarasa ya juu. Akauliza, kwani Babu uko darasa la ngapi?

Girija, kwa kuandika, makosa mawili tu. Haifai. Nikahamia maswali ya mdomo. Nikamwambia asimame wima. Saba mara nane? Akafungua mdomo. Ha... ha... ha... Mishipa ya shingo ikamtoka. Nikampa sekunde tano kwa saa yangu, ndiyo kanuni. Nikaandika sifuri. Machozi yake yakadondokea karatasi na wino wangu ukachuruzika. Uchafu mtupu.

Mugdha aliporudi aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama, kikapu bado mkononi. Nilijiandaa kwa vita. Hakufoka. Aliuliza tu, "Baba, ulikuwa unapima nini?"

Swali la mtego. Nikafunua gazeti langu.

Jumatano, 5 Juni

Aibu! Barua imerudi. Tarishi wa ofisi ya elimu kaileta kwa mkono, saa ya chai, mbele ya watu. Ndani yake kijikaratasi: Heshima zako, Mwalimu Ketkar. Mwandiko wako tumeutambua ofisi nzima, nusu yetu tulichapwa hadi tukaweza kuuiga. Siku moja tutakuja kuionja hiyo hesabu ya mikate.

Mugdha aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na Raia Mwema. Akaikunja. Akanimiminia chai. Sukari hakutia.

Jioni Hemant alikaa karibu yangu. Anapokuwa na jambo zito husugua magoti, kama marehemu mama yake. Akasema, "Baba, Giri ni mtoto. Si hoja ya kushindania." Nikamwambia mimi sishindani na mtu, natetea misingi. Akasema mwaka mzima mtoto huyu anaamka akilia. Nikamwambia misingi haina usingizi. Sentensi nzuri. Haikumsaidia mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Alhamisi ni siku ya ziara. Wiki iliyopita walikwenda kiwanda cha barafu. Kabla ya hapo, daraja la mto Krishna, wakahesabu nguzo na kurudi wamechomwa na jua. Leo: mtaa wa mafundi wa sitar, ala zetu za nyuzi. Nimejipeleka nami, kama mkaguzi.

Karakana ndogo. Vibuyu vikubwa vimening'inia darini kama timazi za mwashi. Harufu ya gundi na mbao mpya. Fundi, mwenye ndevu nyeupe, aliponiona akaweka patasi chini, akainama akanigusa miguu kwa heshima. Akasema, "Mwalimu! Mimi Dastagir. Darasa la saba, dawati la mwisho." Simkumbuki kabisa. Nikasema nakukumbuka vizuri sana.

Akaeleza jinsi kibuyu kinavyokaushwa, kinavyokatwa, kinavyounganishwa na shingo ya mti. Girija alitaka kuuliza kitu. Ki... ki... Nikakaribia kumsaidia. Fundi akanitangulia. Aligeuza kichwa chote na kumwita kwa kiganja. "Njoo upande huu, mama. Huku kushoto hakuna mtu nyumbani." Watoto wakacheka. Akasema, "Na useme polepole. Nina sikio moja tu, siwezi kukimbizana na maneno."

Girija akahamia kulia. Akasema polepole. Kibuyu kinajuaje sauti? Sentensi nzima! Mugdha akageukia ukutani, akajifanya anatazama vibuyu.

Mukta, asiye na breki, akauliza sikio lilifanywa nini. Fundi akajibu bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kofi la shuleni. Moja tu. Lilipasua ngoma ya sikio. Mugdha akauliza nani huyo aliyempiga.

Dastagir aliokota uzi sakafuni, akaunyoosha, akautazama. "Walimu walikuwa wengi," akasema. Hakunitupia jicho hata mara moja.

Mtu mwenye adabu. Nilimfundisha mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua imeanza. Kila mtu barazani anashangilia isipokuwa mimi.

Nimefungua sanduku la chuma. Madaftari ya adhabu, miaka yote thelathini na minne, kwa mpangilio. Hakuna mwalimu mwingine wilayani aliyekuwa na kumbukumbu kama hizi. Nimempata. Dastagir, darasa la saba. Kosa: kuchezea uzi darasani. Kofi 1.

Wiki iliyofuata: Dastagir. Kosa: hakujibu alipoitwa. Fimbo 2. Siku tatu baadaye, hakujibu alipoitwa. Fimbo 2. Tena. Tena. Nimehesabu, mara kumi na moja. Ya kumi na moja nimeongeza pembeni, kwa wino mwekundu: kiburi. Baada ya hapo jina halipo. Aliacha shule Januari.

Nimelifunga daftari. Nimelifungua. Nimelifunga.

Kitabibu, masikio huharibiwa na mengi. Maji ya mto. Baridi. Ukoo.

Sikula mchana. Tumbo tu. Mukta aliniletea ndizi, nikamwambia aweke pale. Ipo mpaka sasa.

Jumamosi, 8 Juni

Dawa ya mawazo ni kazi! Nimekwenda shule yangu ya zamani, nikachukua fomu. Nafasi ya Girija ipo. Usaili Jumatatu. Sahihi ya baba inatakiwa. Hemant ana shughuli nyingi, nimemrahisishia.

Mugdha nimemwambia nitampeleka Girija maktaba, ziara ya babu na mjukuu. Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema ni wazo jema, Baba, Giri atafurahi. Akaniamini! Nilitarajia kufurahi zaidi ya hivi.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika nikiwa nimejifunga blanketi. Baridi ya mvua.

Njiani Girija alinishika kidole. Alikuwa amebeba chupa ya maji na kitabu cha kurudisha maktaba. Alijua tunakokwenda tulipofika kona ya shule, kengele ilipolia. Kidole changu alikibana hadi kikauma, lakini hakukiachia.

Mwalimu mkuu wa sasa ni mwanamke kijana. Mpole kupita kiasi. Hakuuliza hesabu, hakuuliza mito. Aliuliza tu, "Unaitwa nani, binti?"

Gi... Gi...

Tulingoja. Saa ya ukutani ililia kila sekunde. Nikamwambia sema, mtoto. Nikamwambia hata jina lako likushinde? Gi... Na mkono wangu ukanyanyuka. Wenyewe! Kama zamani, bila kuniuliza.

Sikumpiga. Naliandika wazi ili lijulikane: sikumpiga.

Lakini hakukwepa. Alifumba macho, akageuza shavu, akasubiri.

Mwalimu mkuu alisimama. "Mzee, hapa hatufanyi hivyo siku hizi." Akaniambia mimi hayo, chini ya picha yangu mwenyewe iliyopo ukutani! Nikageuka kumpa jibu linalomfaa. Nilipogeuka tena, mlango ulikuwa wazi. Chupa ya maji sakafuni. Mtoto hayupo.

Mvua ya kumwaga kwa ndoo. Nikaenda soko la mboga, hayupo. Stesheni, hayupo. Mwavuli uligeuka ndani nje, nikautupa. Niliita jina lake barabarani mpaka sauti ikakauka, na watu kwenye bajaji wakanichungulia. Nina miaka sabini na sita. Nilifika mpaka mtoni. Sitaki kuandika nilichokuwa nikikitafuta majini.

Nilimkuta kwa Dastagir.

Sikuingia. Nilisimama chini ya mchirizi wa paa. Girija amekaa upande wa kulia wa fundi, shali ya fundi mabegani, bilauri ya chai mikononi. Anasimulia. Ua wa shule, jua, wenzake walivyocheka. Neno, kituo, neno. Fundi anasugua mbao yake taratibu, wala hakumkamilishia neno hata moja. Nilitazama saa. Kituo kimoja kilifika sekunde ishirini. Neno likaja.

Nikamsikia akisema, "Ba... babu kani... kaninyanyulia mkono."

Dastagir akaacha kusugua. "Najua, mama," akasema. "Mkono ule ni mzito."

Nilibaki pale mpaka viatu vikajaa maji. Mugdha alifika kwa bajaji, fundi alikuwa amempigia simu. Alinipita mlangoni, nywele zimemganda usoni, akaingia, akapiga magoti, akamkumbatia mwanawe. Wakatoka. Wakapanda. Kisha akajisogeza, akaacha nafasi. Nikapanda.

Jumatano, 12 Juni

Hemant amesema nisitoke tena peke yangu na watoto. Alisema huku akiangalia sakafu. Nikataka kumwambia asimame wima anapozungumza na baba yake. Sikuweza.

Fomu wameiona. Sahihi pia. Hakuna aliyenigombeza, ndilo linaloniudhi. Adhabu bila kosa kutajwa si adhabu, ni dharau.

Shule imehamia chumbani kwao, mlango umerudishwa. Nawasikia wakicheka, halafu wakishusha sauti. Girija ananisalimu kutoka mbali, heshima yote ipo, viganja vimekutanishwa kifuani. Zamani ndiye aliyekuwa akinitafutia miwani yangu asubuhi. Leo nimeitafuta mwenyewe. Ilikuwa kichwani.

Meza ya jikoni sasa yote ni yangu. Nimesoma gazeti mara mbili, pamoja na matangazo ya vifo.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya ziara. Wamekwenda kuona mto ulivyopanda. Sikualikwa.

Nimekwenda kwa Dastagir. Jana nzima nilitunga maneno, nikayanyoosha, nikayakariri. Alikuwa peke yake, ameinamia sitar, anakaza nyuzi. Upande wake wa kulia palikuwa na kiti. Upande wa kushoto palikuwa na gunia la takataka za mbao.

Nilikaa kwenye gunia.

Nikasema yote. Kwa sauti ya chini, kwa heshima. Nikasema, ni mimi. Nikataja mwaka. Nikasema niliita na hukujibu, na sikujiuliza kwa nini. Nikasema kumi na moja. Nikasema, nisamehe, mwanangu. Macho yaliniwasha, ni vumbi la mbao, halifai kwa wazee.

Yeye akakaza uzi. Ukalia. Akakaza tena kidogo, akasikiliza, akatabasamu peke yake. Kisha akageuka kutafuta kisu, akaruka kwa mshtuko. "Mwalimu! Umeingia saa ngapi? Mbona husemi kitu?"

Nikamwambia nilikuwa napita tu.

Akaagiza chai. Akanihamisha kwenye kiti kizuri, kulia kwake, akanifuta vumbi begani kwa kiganja chake. Akauliza hali ya Girija. Nikasema hajambo. Tukazungumza habari za mvua.

Basi. Jambo lile limekwisha. Nimeomba radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, neno kwa neno. Hakuna kanuni inayosema lazima usikiwe. Moyo wangu ni mwepesi kabisa. Karibu kabisa.

Wakati wa kurudi nimefikiri kwa utulivu. Kosa langu kwa Girija lilikuwa moja: nilichelewa. Mti hukunjwa ungali mbichi. Lakini Mukta! Miaka sita. Hana kigugumizi. Ulimi kama wembe, haogopi mtu yeyote. Nimepitia shuleni nikachukua fomu nyingine. Yule mwanamke hakuwepo, karani alinipa.

Nimeshaijaza. Sahihi ya baba safari hii imetoka vizuri zaidi.

Usaili ni Jumatatu, saa nne. Mukta nimemwambia tunakwenda kuona treni. Ameruka kwa furaha, akanishika mkono.